Hakuna Aliyeiona Dhoruba Nzima

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Julai 1923, watu wengi wa London walikesha. Mvua ya radi iliukalia mji kwa zaidi ya saa sita, na katika mtaa wa Chelsea ilihesabiwa mimweko 6,924. Piga hesabu mwenyewe, msomaji: hiyo ni kama mimweko 19 kila dakika, saa baada ya saa, mpaka alfajiri.

Namba hiyo ni kubwa, lakini siyo iliyonivuta mimi. Kilichonivuta ni kwamba kuna mtu aliyekuwa macho, amekaa, anahesabu. Mji mzima umejifunika shuka, watoto wanalia, mbwa wamejificha chini ya vitanda, na mtu mmoja ameamua kwamba kazi yake usiku huo ni kuhesabu. Nikajiuliza: anahesabu ili amwambie nani?

Insha hii ni majibu yangu kwa swali hilo. Ni historia ya watu wa kawaida wa Uingereza ambao, kwa karibu karne mbili, wamekuwa wakisimuliana dhoruba za usiku za majira ya joto kwa namna ya pekee kidogo. Na ninaiandika nikiwa mwandishi wa habari niliyekulia Musoma, kando ya ziwa ambalo radi zake za usiku zingewafanya wale jamaa wa London wahamie kwetu na mizigo yao.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Vitabu vya shule vilitufundisha kwamba majira ya joto ya Ulaya ni "kiangazi". Lakini kiangazi chetu ni cha vumbi na anga tupu, hakina radi. Joto la Julai la Waingereza ndilo linaloleta ngurumo. Wataalamu wao wanaeleza hivi: hewa ya joto na kavu hutoka upande wa Hispania, inapita juu ya Ufaransa, inakuja kuifunika hewa yenye unyevu iliyo chini. Inakuwa kama kifuniko cha sufuria. Chini kunachemka, juu kumefungwa. Hewa baridi ya Atlantiki ikifika huko juu, kifuniko kinafunguka na mvuke wote unaruka kwa mpigo. Mara nyingi mawingu hayo huzaliwa Ufaransa mchana au jioni, yakavuka mlango wa bahari gizani na kuwakuta Waingereza wa kusini vitandani. Ndiyo maana hadithi zao nyingi za radi ni hadithi za usiku.

Na neno "radi" lenyewe lina safari yake. Tumelitoa katika Kiarabu, ambako maana yake ni ngurumo, ile sauti. Sisi tukalichukua tukalipa meno: mtu wetu "hupigwa na radi". Mwanga tumeuita umeme, na umeme huohuo baadaye ukawa wa kwenye nguzo na bili. Kwa Mswahili basi, sauti ndiyo inayoua na mwanga ndio unaokatwa kila Jumamosi. Nacheka, lakini kuna jambo hapo. Kila lugha hushika kipande kimoja cha dhoruba. Hakuna neno linaloibeba yote, kama vile hakuna mtu anayeiona yote.

Hilo ndilo ninalotaka kusema, na nitalirudia kwa mifano. Dhoruba ya radi ni kubwa kuliko jicho la mtu. Ina upana wa kilomita nyingi, inatembea, inazaliwa mahali pamoja na kufia pengine. Wewe dirishani kwako unapata dakika arobaini za vurugu, kisha matone ya mwisho kwenye bati. Aliyeko bondeni anapata mvua ya mawe. Aliyeko ng'ambo anaona mwanga tu kwenye upeo wa macho, bila sauti. Watatu hao wameona kitu kimoja, na kila mmoja angeapa kwamba cha kwake ndicho.

Mtu wa kwanza ninayemkumbuka katika jambo hili ni kasisi wa kijijini, Gilbert White wa Selborne, kusini mwa Uingereza. Kitabu chake kuhusu viumbe na mazingira ya kijiji hicho kilitoka mwaka 1789, na wapenzi wa fasihi ya Kiingereza bado wanakisoma. Kimeandikwa kwa mtindo wa barua, na barua ya mwisho kabisa inahusu mvua za radi. White anasimulia dhoruba ya tarehe 5 Juni 1784, yenye vipande vya barafu vilivyoanguka na kuvunja vioo. Sasa angalia anachokifanya. Alikuwa ameitwa ndani mchana ule, hivyo hakuyaona mawingu yalipokuwa yanajikusanya kaskazini. Na anasema hivyo waziwazi, kisha anawategemea waliokuwa nje, ambao walimhakikishia kwamba wingu lile halikuwa la kawaida. Mwangalizi hodari kuliko wote wa zama zake, mtu aliyehesabu ndege na kupima mvua kwa miaka, anaandika dhoruba kwa macho ya majirani.

Lakini majirani wa White walikuwa wa kijiji kimoja. Ili usimulizi wa dhoruba uvuke mipaka ya kijiji, vilihitajika vitu viwili ambavyo leo hatuvihesabu kuwa vya ajabu hata kidogo: posta ya bei rahisi na saa moja kwa nchi nzima.

Posta ilikuja mwaka 1840, pale barua ilipoanza kusafiri popote Uingereza kwa senti moja tu ya wakati huo. Mwaka 1870 ikaja postikadi kwa nusu ya bei hiyo. Saa ilichelewa zaidi. Kabla ya reli kila mji ulikuwa na saa yake kufuatana na jua; Bristol ilikuwa nyuma ya London kwa dakika kumi. Sasa hebu fikiri: mtu wa Bristol anakuandikia kwamba radi ilianza saa nne na dakika ishirini usiku, mwenzake wa London naye anakuandikia saa nne na dakika ishirini. Je, ni wakati mmoja? Dhoruba ilitembea au ilipiga kote kwa pamoja? Huwezi kujua. Treni ndizo zilizowalazimisha Waingereza kukubaliana saa, na mwaka 1880 saa ya Greenwich ikawa sheria. Historia nyingi husema saa ya pamoja ilikuwa kwa ajili ya biashara na usafiri, na ni kweli. Ila iliwapa pia watu uwezo wa kulinganisha hofu zao.

Mtu aliyezitumia vizuri posta na saa hizo alikuwa George James Symons, aliyezaliwa London mwaka 1838. Mwaka 1860 alianza kukusanya vipimo vya mvua kutoka kwa watu 168. Alipofariki mwaka 1900, waangalizi wake walikuwa zaidi ya 3,000. Wengi walikuwa makasisi, madaktari, wenye mashamba, watunza bustani; watu ambao kila asubuhi walitoka na chombo chao, wakasoma, wakaandika, bila kulipwa. Yeye alipima ya kwake uani kwake Camden Square. Wengi wanamjua kwa mvua, lakini radi ndiyo iliyomsumbua moyo. Mwishoni mwa maisha yake alitengenezewa na mafundi wa Paris chombo alichokiita brontomita: karatasi inayokimbia mbio, kalamu za kuandika upepo na mvua, na vitufe. Vitufe vilikuwa vya nini? Vya kubonyezwa kwa kidole. Ukiona mwanga, bonyeza. Ukisikia ngurumo, bonyeza. Yaani pamoja na ufundi wote ule, bado ilibidi mtu akae macho.

Mwaka mmoja baada ya ule usiku wa Chelsea, yaani 1924, mtu mwingine alilichukua jambo hili akalifanya kuwa kazi ya maisha. Jina lake Morris Bower, wa Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza. Alianzisha shirika la kuhesabu mvua za radi, na silaha yake kubwa ilikuwa ombi. Aliandikia magazeti na majarida akiwaomba wasomaji: ukiona mwanga wa radi au ukisikia ngurumo katika majira ya joto, niandikie mahali, tarehe, saa, na hasa wakati wa usiku, upande ambao mwanga umeonekana. Basi. Hakuomba elimu wala vyombo. Aliomba watu wachungulie dirishani na kuwa wakweli. Mwaka huohuo, mwezi Februari, redio ya BBC ilikuwa imeanza kutoa ile milio sita ya kurekebisha saa. Mtu wa kijijini kabisa akaweza kuwa na dakika sahihi mezani kwake.

Kwa nini upande? Kwa sababu mwanga wa usiku huonekana mbali mno, hata kilomita mia moja na zaidi anga likiwa wazi, wakati ngurumo kwa kawaida haisikiki zaidi ya kilomita ishirini hivi. Tuseme mtu wa Brighton ameona mwanga kusini, baharini. Wa Portsmouth, ambaye yuko magharibi yake, ameuona kusini-mashariki, dakika ileile. Chora mistari miwili kwenye ramani. Inapokutana ndipo dhoruba ilipo, ingawa wote wawili wamekaa pakavu na hawajasikia chochote. Akiwepo wa tatu aliyesikia ngurumo, anaweza kuongeza umbali: kuanzia mwanga mpaka sauti, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Kadi tatu za watu wasiofahamiana zinakuonyesha kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekiona.

Nimekuwa nikizifikiria kadi hizo kama aina ya fasihi. Msishangae. Hebu fikiria mtu ameamshwa saa nane usiku na mlipuko uliotikisa vyombo kabatini. Mkewe amefunika kioo kwa shuka, maana Waingereza nao, kama bibi zetu, waliamini kioo huvuta radi. Moyo unamwenda mbio. Anayo nafasi ndogo sana ya kuandika. Anataka kusema kwamba hajawahi kuona kitu kama hicho tangu azaliwe. Lakini aliyemwandikia hataki hilo. Anataka saa, upande, na muda. Kwa hiyo mtu anaisukuma hofu yake pembeni kidogo na kuandika: ilianza saa fulani, kusini-magharibi, ikaisha saa fulani. Na mimi nasema hofu haipotei kwa kuandikwa hivyo. Ukisoma kwamba mtu aliangalia saa kila baada ya dakika chache kuanzia saa saba mpaka saa kumi na moja alfajiri, unajua kabisa usiku wake ulikuwaje.

Huu ni usimulizi tofauti na ule tuliouzoea, ambao kila msimulizi anaongeza chumvi. Sina ugomvi na chumvi. Bila chumvi hakuna ngano. Lakini kuna masimulizi ambayo thamani yake inatokana na kukutana na masimulizi mengine, na hayo yakitiwa chumvi hayakutani tena. Kila moja linabaki peke yake, zuri, tamu, lisilomsaidia mtu.

Na yalisaidia. Tukio moja ninalolipenda linamhusu Robert Watson-Watt, ambaye mwaka 1915 aliajiriwa katika idara ya hali ya hewa ya Uingereza. Kazi yake ilikuwa kuzitafuta mvua za radi kwa mawimbi ya redio, ili marubani waonywe. Ile mikwaruzo unayoisikia redioni radi inapopiga, yeye alitaka kujua inatoka upande gani. Ni swali lilelile la postikadi: upande gani? Miaka ishirini baadaye, mwaka 1935, mtu huyohuyo alionyesha kwamba redio inaweza kuigundua ndege angani, na hapo ndipo rada ya Uingereza ilipozaliwa.

La pili linatuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 1925, mtaalamu wa Uingereza aitwaye C. E. P. Brooks alijaribu kuhesabu radi za dunia nzima. Hakuwa na setilaiti. Alichokuwa nacho ni takwimu za vituo vya nchi mbalimbali, na kipimo chake kilikuwa "siku ya ngurumo". Siku ya ngurumo ni nini? Ni siku ambayo mwangalizi wa kituo, kwa masikio yake, amesikia ngurumo angalau mara moja. Kutokana na masikio hayo Brooks alikadiria kwamba wakati wowote duniani kuna mvua za radi 1,800 zinazoendelea, na mimweko 100 kila sekunde. Namba hiyo ilikaa vitabuni kwa miongo mingi. Setilaiti iliyopima kati ya 1995 na 2000 ilileta jibu la mimweko kama 44 kila sekunde. Brooks alizidisha, ndiyo. Lakini kupata jibu la mwelekeo huo kwa kutumia masikio ya watu waliotawanyika duniani, ambao wengi hawakujua kwamba wenzao wapo, mimi naona ni jambo kubwa.

Kipimo chenyewe kina kasoro ya kuchekesha. Ngurumo moja hafifu saa tisa alasiri ni siku moja. Mimweko 6,924 nayo, kama usiku wa manane usingeikata, ni siku moja. Daftari halijui tofauti. Ndiyo sababu watu kama Bower hawakuridhika na siku na wakaendelea kuomba saa, upande na muda. Shirika lake liliendelea kwa miongo mingi, na mwaka 1982 likaunganishwa na TORRO, shirika la utafiti wa vimbunga na dhoruba lililoanzishwa na Terence Meaden mwaka 1974. Leo wapo watu wa kawaida Ulaya wanaojenga vipokezi vya mawimbi ya radi majumbani mwao na kuviunganisha kwa intaneti, kiasi kwamba mmweko unaonekana kwenye ramani kabla ngurumo haijakufikia. Mradi wa namna hiyo ulianzia Ujerumani. Chombo kimebadilika, mantiki ni ileile: mimi nimeona kipande changu, wewe lete chako.

Sasa tuje kwetu, maana hapa ndipo insha hii ilikokuwa inakwenda.

Kusini-mashariki mwa Uingereza, kwenye radi nyingi kuliko sehemu nyingine za nchi hiyo, siku za ngurumo kwa kawaida hazifiki ishirini na tano kwa mwaka. Tororo, mashariki mwa Uganda, kati ya 1967 na 1976 wastani ulikuwa siku 251 kwa mwaka. Soma tena: mia mbili hamsini na moja. Setilaiti nazo zimeonyesha kwamba eneo la Kabare, Kivu, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani. Na Ziwa Victoria lina mtambo wake wa usiku. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo hutoka ziwani na mawingu hujengeka milimani. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto, upepo unatoka pande zote kuelekea ziwani. Unakutana katikati na hauna pa kwenda ila juu. Ndiyo maana radi za ziwa hili zinashamiri usiku kuelekea alfajiri.

Na nani yuko katikati ya ziwa wakati huo? Wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, usio na mwezi, kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za sola. Yaani kwa bahati ya kazi yao, watu hawa ndio waangalizi wakubwa wa radi za usiku katika Afrika Mashariki, pengine duniani. Wako katikati ya jambo lenyewe, wako macho, na anga lote liko wazi mbele yao.

Nimewahi kukaa mwaloni Musoma asubuhi, dagaa wakianikwa, nikazungumza na mzee mmoja aliyevua kwa miaka zaidi ya thelathini.

"Shikamoo mzee. Jana usiku kulikuwaje huko?"

"Marahaba, mwanangu. Jana? Jana ilianza kumweka upande wa Ukerewe, bila sauti. Tukasema hiyo bado. Baadaye ikahamia huku kati. Ulipokuja ule upepo wa baridi nikawaambia vijana, toeni nyavu, tunaondoka."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Tulikuwa tumeshatoa nyavu mara mbili. Saa nane hivi."

Tazama maneno hayo. Upande: Ukerewe, yaani kusini-magharibi ukiwa Musoma. Mwanga bila sauti: mbali. Kisha umehamia. Kisha upepo wa baridi, ambao wataalamu watakwambia ni hewa inayoporomoka kutoka ndani ya wingu na kuitangulia mvua. Saa: nane hivi. Bower angeipokea kadi hiyo kwa mikono miwili. Na mzee huyu hakujifunza haya ili kumfurahisha mtu. Amejifunza kwa sababu asiyejua upepo ule harudi nyumbani.

Wengi hawarudi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi na mashirika ya hali ya hewa ni kwamba wanaokufa katika Ziwa Victoria kila mwaka ni kati ya 3,000 na 5,000, na hali mbaya ya hewa ni sababu kubwa. Nchi kavu nako si salama. Tarehe 28 Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, Uganda, kwa pigo moja. Mwezi Oktoba 2018 iliua wanafunzi sita Geita.

Habari ya radi katika magazeti yetu ina umbo lake, na mimi niliyefanya kazi Kanda ya Ziwa nalijua vizuri. Idadi ya waliokufa, majina, umri. Kamanda wa polisi wa mkoa amethibitisha. Jirani mmoja anasema walisikia kishindo. Mzee wa ukoo anadokeza kwamba kuna mkono wa mtu, na hilo linaruka hadi kwenye kichwa cha habari. Aya nne, kwisha. Wingu lilitoka wapi, lilitanda kwa muda gani kabla ya pigo, watoto walikuwa wamekaa upande gani wa darasa, ngurumo ya kwanza ilisikika lini: maswali haya hayana nafasi katika umbo hilo. Na pale ambapo hakuna saa wala upande, uchawi hukaa kwa raha mustarehe. Simlaumu anayeamini. Mtu aliyepoteza mtoto anatafuta sababu, na sababu pekee aliyopewa ni hiyo.

Sisemi kwamba hakuna kinachofanyika. Idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilianzishwa na wakoloni mwaka 1929, na baada ya jumuiya kuvunjika mwaka 1977 kila nchi ikabaki na yake. Vituo vinapima, na Mwanza kuna rada. Mradi wa HIGHWAY, uliofadhiliwa na Uingereza, ulihusu hasa kuwafikishia wavuvi wa ziwa hili tahadhari za hali ya hewa. Hayo ni mambo mema. Lakini angalia mwelekeo wake: habari inatoka ofisini kwenda mwaloni. Ile inayotoka mwaloni kwenda ofisini bado ni hafifu, na historia ya Waingereza inatufundisha kwamba hiyo ndiyo iliyotangulia. Kabla ya rada kulikuwa na mwenye shamba, kasisi na mtunza bustani, na mtu mmoja aliyeomba wamwandikie.

Mtu ataniambia: wale walikuwa watu wenye nafasi, wamekaa kwenye nyumba za matofali, wanaangalia radi kama sinema. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Mvuvi hana anasa hiyo. Usiku wa radi yeye anapiga kasia au anavuta kamba ya injini, hawezi kushika kalamu. Sawa. Lakini asubuhi anasimulia. Kila asubuhi, kwenye kila mwalo kuanzia Musoma hadi Bukoba, masimulizi ya usiku yanatolewa, yana saa, yana pande, yana upepo. Yanasikilizwa na watu kumi, yanaishia hapo. Kesho yake yanafunikwa na mapya.

Na daftari lipo tayari. Kwenye mialo kuna vikundi vya usimamizi, BMU, na katibu wake huandika samaki walioshuka: jina la mtumbwi, kilo za dagaa. Nimeliona daftari la namna hiyo, limechorwa mistari kwa rula, limelowa pembeni, lina harufu ya samaki. Nafasi ya kulia kabisa ilikuwa tupu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Maneno matatu yangetosha kuijaza kila asubuhi: saa, upande, upepo. Mwalo wa Musoma ungeandika yake, wa Ukerewe yake, wa Bukoba yake. Halafu mtu mmoja, popote alipo, angekaa chini na ramani na kuanza kuchora mistari.